KARATASI ZA FEZA KWA MWANAFUNZI ANAYEOMBA VIZA



Tangu mwezi uliopita sisi wa mwaka wa mwisho tuko na ulizo moja tu kinywani. Wananikuta kwenye bomba ya maji, wananikuta mlangoni mwa bweni, wengine wanapitisha kikaratasi wakati wa kujisomea usiku: "Kapita, ni kweli kama mutu hawezi kupata viza ya masomo bila dolare elfu kumi kwenye banki?" Bwana Prefe aliniona nikijibu mmoja mmoja mpaka sauti inakauka, akaniambia: andika katika gazeti yetu, kila mtu atasoma na wewe utapumzika. Basi ninaandika.

Najua mambo haya kidogo sababu yalipita katika jamaa yetu, na hayakupita vizuri. Mengine niliyasoma katika karatasi za ambasade zenyewe pamoja na mwalimu wetu wa Kifaransa, maana Kifaransa cha sheria si kile tunachosoma darasani.

Mwenye kuomba viza ya kusoma anaombwa karatasi nyingi: barua ya chuo kikuu kilichompokea, diplome, paspoti, karatasi ya daktari, karatasi ya kuonyesha kwamba hakuhukumiwa na tribinali. Hizo zote ni kazi ya miguu. Unapanga mstari, unalipa, unarudi kesho, unapata. Lakini karatasi ya feza haipatikani kwa miguu. Hiyo ndiyo inaangusha watu, hata wale wenye asilimia 80 katika Ekzameni ya Serikali.

Kwa nini wanaiomba? Wengine wetu wanasema ni njia ya kufunga mlango kwa watoto wa masikini. Mimi sisemi kwamba mlango haufungwi. Unafungwa, na tutaona. Lakini tusikilize kwanza sababu wanayotoa wao. Mwanafunzi wa kigeni anaenda kusoma, haendi kutafuta kazi. Kazi wanamruhusu kwa kipimo. Ubelgiji ni saa 20 kwa juma wakati wa masomo, Ufaransa ni saa 964 kwa mwaka mzima. Kwa saa hizo mtu hawezi kujilipia nyumba, chakula, daktari na minervali. Basi serikali yao inauliza: huyu atakula nini? Akigonjwa nani atalipa? Akitakiwa kurudi kwao, tiketi itatoka wapi?

Yule afisa anayesoma dosie yako hakujui, hajui baba yako, hajafika kijijini kwenu. Ana karatasi tu mbele yake, na katika karatasi anatafuta majibu manne. Feza ni ngapi? Ni ya nani? Ilitoka wapi? Na itakufikia namna gani mwaka mzima? Watu wetu wanashika ulizo la kwanza na kusahau yale matatu. Hapo ndipo kosa linapoanza, na karibu yote nitakayoandika hapa chini yanatoka katika kosa hilo.

Nianze na hesabu yenyewe, sababu najua mnaruka mistari kwa kuitafuta.

Ufaransa wanaomba euro 615 kwa mwezi. Ni kiasi kile kile ambacho serikali yao inawapa wanafunzi wenye bursari yake, ndiyo sababu wanasema nawe uwe na hiyo angalau. Kwa miezi 12 ni euro 7.380. Ubelgiji wanabadilisha kiasi kila mwaka wa masomo: 2023-2024 ilikuwa euro 789 kwa mwezi, 2024-2025 ikawa 803. Kwa hiyo mtu asiwategemee wakubwa waliokwenda zamani, kiasi chao kilikwisha kupita. Tazameni cha mwaka ule mnaokwenda. Ujerumani, tangu Septemba 2024, ni euro 992 kwa mwezi, maana yake 11.904 kwa mwaka. Uingereza wanahesabu miezi 9 tu: tangu Novemba 2025 ni pauni 1.171 kwa mwezi ukisoma nje ya London, na 1.529 ukisoma ndani ya London. Fanyeni wenyewe hesabu ya kuzidisha, ninyi wa sayansi.

Canada ndiyo iliyoshtua watu. Kwa miaka mingi walikuwa wakiomba dolare zao 10.000 kwa mwanafunzi mmoja. Tarehe 1 Januari 2024 wakapandisha mpaka 20.635, na tangu Septemba 2025 ni 22.895. Tena hiyo ni ya kuishi tu. Minervali ya mwaka wa kwanza iko mbali, tiketi ya ndege iko mbali. Na jimbo la Québec, ambako wengi wetu tunatazama juu ya Kifaransa, lina kiasi chake lenyewe na karatasi yake yenyewe ya kukubaliwa, ambayo unaipata kabla ya kuomba ruhusa ya Canada nzima.

Sasa pimeni kwa vitu vyetu. Mwaka uliopita baba alipewa bei ya dolare 600 kwa ng'ombe wetu mmoja mkubwa, na alisema ni bei nzuri. Kwa Ujerumani peke yake inaomba ng'ombe zaidi ya 20. Katika darasa letu tuko wanafunzi 41. Sijui kama kuna wawili ambao wazazi wao wana ng'ombe 20.

Lakini ngoja kwanza, usifunge gazeti. Kiasi ni kimoja, njia za kukionyesha ni nyingi, na kila nchi ina njia inayopenda.

Ubelgiji, njia ambayo watu wetu wanaijua ni ile ya mzamini. Mtu mmoja, mara nyingi baba mdogo au shangazi aliye kule, anatia sahihi kwenye karatasi inayoitwa Annexe 32. Wakongomani wengi wanaijua kwa jina hilo hilo. Kwa karatasi hiyo anaahidi mbele ya serikali kwamba atalipa masomo yako, kuishi kwako, daktari wako, na hata tiketi ya kukurudisha. Si barua ya kusema "namupenda mutoto wa ndugu yangu." Ni deni. Kama serikali ilitumia feza juu yako, inaweza kumwomba yeye arudishe. Tena wanatazama mshahara wake: anaonyesha karatasi za mshahara za miezi ya mwisho, na ule mshahara uwe unatosha nyumba yake kwanza, kisha ubaki wa kukutosha wewe. Mtu anayeishi kwa msaada wa serikali hawezi kuwa mzamini. Kwa hiyo, yaya wangu, baba yako mdogo akikuambia kwa simu "nitaona," usimkasirikie upesi. Pengine ana watoto watatu na kazi ya usiku, na karatasi zake zinamkatalia yeye mwenyewe. Wengi wanaona haya kusema hivyo kwa simu, basi wanaacha simu ilie.

Ujerumani wana kitu kinachoitwa Sperrkonto, maana yake konti ya kufungwa. Unaweka zile euro 11.904 zote mara moja kabla ya viza, na konti inafungwa. Ukifika kule inafunguka kidogo kidogo: euro 992 mwezi huu, 992 mwezi ujao, haiwezi kuzidi. Ni sawa na mama mwenye kufunga unga katika ghala na kupima kopo kila asubuhi. Njia hiyo ni ngumu kwa kuanza, lakini ina haki yake: wakikunyima viza, feza inarudi kwako, isipokuwa kile kidogo cha kazi ya wale wanaoshika konti. Vyuo vikuu vingine vya Ubelgiji pia vinakubali mwanafunzi aweke feza kwenye konti ya chuo namna hiyo, badala ya mzamini.

Uingereza hawaifungi feza, wanahesabu siku zake. Feza yote iwe ndani ya konti siku 28 mfululizo pasipo kushuka hata siku moja chini ya kiasi. Ikishuka siku ya 27 unaanza tena kuhesabu moja. Tena konti iwe ya mwanafunzi mwenyewe au ya wazazi wake. Konti ya mjomba haifai, hata mjomba awe tajiri namna gani.

Marekani ni mpango mwingine. Chuo chenyewe ndicho kinachotazama kwanza karatasi zako za feza za mwaka wa kwanza, kikiridhika kinakupa karatasi inayoitwa I-20, na hiyo ndiyo unayoipeleka ambasade. Huko nako watakuuliza tena, kwa kinywa, mbele ya dirisha, dakika chache tu.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Kwa nini jamaa ambayo kweli ina kitu, inanyimwa kwa kukosa feza?

Nilimuuliza babu. Aliniambia: "Mimi banki ilinikula mara moja, haitanikula mara ya pili." Kumbe alikuwa anasema juu ya Noeli ya mwaka 1979. Siku ile serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena, na watu walipewa siku chache tu na kiasi kidogo cha kubadilisha. Aliyekuwa na noti katika gunia alibaki na karatasi za kuwashia moto. Mwaka 1991 ikaja uporaji wa miji, banki na maduka yalivunjwa. Mwaka 1993 wakatoa zaire mpya: moja mpya kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka yetu ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100.000. Walimu wetu wa hesabu watupatie kazi ya nyumbani: aliyeweka zaire milioni moja katika banki mwaka 1978 na hakuigusa, alibaki na ngapi mwaka 1998? Mimi niliifanya, sikupata hata sehemu moja ndogo ya franka.

Basi wazee wetu walijifunza. Feza ikiingia, inageuka ng'ombe. Inageuka parsele. Inageuka mabati, kahawa katika ghala, bidhaa katika duka, au inaingia katika likelemba ya wenzao. Hiyo si ujinga. Ni akili ya watu walioungua. Lakini ng'ombe hana releve ya konti. Parsele haiandiki kila mwezi kile kilichoingia na kile kilichotoka. Yule afisa anaomba karatasi ya miezi sita au mwaka, na baba yako ana miaka thelathini ya kazi isiyoandikwa mahali.

(Walimu wetu wasicheke. Tangu serikali ilipoanza kupitisha mishahara yao katika banki, wao wana releve nzuri kushinda wenye maduka makubwa hapa Butembo. Kinachokosa ni feza ya kuandikwa ndani.)

Na tusisahau wenzetu. Mwanzo wa 2025, kisha Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa M23, banki kule zilifunga milango. Kuna mwanafunzi mmoja hapa kwetu ambaye baba yake alikuwa na konti nzuri, ya miaka, yenye kila kitu. Ghafula hakuweza kupata hata karatasi moja yenye muhuri. Mtu kama huyo aandike wazi katika barua yake mambo yaliyotokea na tarehe yake, na aombe releve kwa tawi la banki ile ile lililo katika mji mwingine, kama liko. Asinyamaze akitumaini kwamba afisa atakumbuka habari za vita.

Kwa kuwa karatasi hazipo, watu wanatafuta njia ya mkato. Hapa ndipo nieleze jambo la jamaa yetu.

Mtoto wa mama mkubwa, ambaye mimi namwita yaya, alimaliza masomo kwa heshima. Mwaka 2022 chuo kikuu kimoja cha Ulaya kikamwandikia kwamba amepokelewa. Tulifanya sala ya shukrani nyumbani, tukachinja mbuzi. Kisha tukasoma ukurasa wa pili wa barua, ule wa feza. Mama mkubwa alikuwa na ng'ombe 11, kahawa, na parsele mbili zenye hati. Lakini katika banki, hakuna kitu. Mtu mmoja akamwambia: "Mama, usiuze kitu. Kuna mufanyabiashara anakopeshaka feza ya kuonyesha. Unaiweka kwa konti, wanakupatia karatasi, unamurudishia kisha mwezi moja, na asilimia kumi."

Feza ya kuonyesha! Ndiyo jina lake, na kila mtu mjini analijua. Akakopa dolare 9.000. Konti ilifunguliwa siku ya Jumatatu. Jumatatu ile ile feza ikaingia, yote mara moja. Alhamisi karatasi ikatoka na muhuri. Yaya akapanda ndege ya Beni mpaka Kinshasa, akalala kwa watu majuma matatu, akatoa dosie, akarudi kungoja.

Jibu lilikuwa mistari michache. Walisema kwamba asili ya feza haikuonyeshwa, na kwamba hawana hakika kama kweli ni ya mzazi.

Tulikasirika sana. Mimi nilikuwa mdogo, nilisema ni ubaguzi. Leo nikiishika ile releve mkononi (mama mkubwa aliniruhusu niitazame kwa ajili ya makala hii) naona kile ambacho afisa aliona. Konti ina umri wa siku nne. Mstari mmoja tu umeandikwa: dolare 9.000 zimeingia. Hakuna kilichotangulia, hakuna kilichofuata. Mama ambaye katika fomu ameandikwa "mkulima." Nami ningeuliza: mama huyu, feza hii aliiokota wapi siku ya Jumatatu?

Kinachouma ni kwamba mama mkubwa hakuwa mwongo juu ya uwezo wake. Ng'ombe walikuwapo. Kahawa ilikuwapo. Lakini aliacha kuonyesha kilicho chake, akaonyesha kisicho chake. Na mkopeshaji alitaka 900 zake, viza au hakuna viza. Ng'ombe wawili wakaenda kwa kulipa hiyo na ndege. Feza ya dosie hairudishwi. Yaya leo anafundisha shule ya msingi, anafundisha vizuri, na habari hiyo hapendi kuizungumza.

Kuna watu wanaokwenda mbali zaidi: wananunua releve ya uongo, yenye muhuri wa uongo. Tafazali msifanye. Ambasade inapiga simu banki, na banki inajibu. Canada wakikukamata na karatasi ya uongo wanakufungia miaka 5. Uingereza inaweza kuwa 10. Utakuwa na miaka 28 ukiomba tena, na jina lako litakuwa bado katika mashine yao.

Basi mtu afanye nini? Nitasema yale tunayofanya sisi nyumbani sasa, na yale ambayo mwalimu alinionyesha katika karatasi.

Kwanza, konti ifunguliwe mapema, mwaka mmoja mbele au zaidi, kwa jina la yule atakayelipa. Si lazima feza nyingi. Ni lazima iingie kama inavyoingia katika maisha: kahawa ikiuzwa, sehemu iende konti, kodi ya nyumba ikiingia, iende konti. Hata kama kisha utaitoa kwa kununua mbolea. Releve yenye kupanda na kushuka inafanana na mtu anayeishi. Kila mauzo yawe na karatasi yake: bordero ya kuweka feza, karatasi ya mnunuzi wa kahawa, karatasi ya soko la ng'ombe. Kopeki yetu inatoa karatasi hizo, lakini uliza kwanza kama ambasade unayoitaka inaikubali kopeki au inataka banki.

Kama ni lazima kuuza ng'ombe au parsele, uuzaji uwe na hati yenye sahihi ya pande zote mbili na notero, na feza ile ile ya hati ndiyo iingie konti siku ile ile au kesho yake. Hapo hata dolare 9.000 kuingia mara moja si ajabu tena. Afisa anauliza ilitoka wapi, nawe unampa hati: ilitoka hapa. Ona tofauti na yaya wangu. Kiasi kile kile, banki ile ile.

Halafu kuna jambo la majina. Mzungu anategemea mtoto awe na jina la baba. Kwetu baba anaweza kuwa na jina lake, mimi na langu, mdogo wangu na lake. Afisa anaona watu watatu wasiojuana. Kwa hiyo barua ya baba ya kusema atakulipia haitoshi. Inaomba karatasi ya kuzaliwa inayoonyesha kwamba huyu ni baba yako kweli. Wengi wetu hatuna, tulizaliwa vijijini wakati wa kukimbia. Inapatikana kwa njia ya tribinali, lakini si kwa siku mbili. Anzeni nayo. Na herufi za majina zifanane katika kila karatasi. Mwenzetu mmoja ana K katika diplome na C katika paspoti. Ni kitu kidogo mpaka siku ya dirisha.

Wengine wanauliza juu ya mchango wa kanisa au wa jamaa nzima. Watu 60 kila mmoja akileta dolare 50 ni jambo zuri sana mbele ya Mungu, lakini mezani mwa ambasade ni majina 60 ambayo hakuna hata moja linalokuwa na deni. Kama mnachanga, muweke kwa konti ya mtu mmoja, na mshika feza wa kanisa aandike barua yenye tarehe, orodha na muhuri, kueleza kwamba mchango huu ni zawadi, si mkopo. Hata hivyo msitegemee huo peke yake.

Juu ya bursari: karatasi ya bursari ni karatasi ya feza, tena iliyo bora, sababu inajibu maulizo yote manne kwa mara moja. Lakini isomeni. Bursari nyingine inalipa minervali tu, na chakula ni juu yako. Hapo bado unatakiwa kuonyesha feza ya kuishi. Tena niseme kitu ambacho hakitawapendeza: bursari nyingi kubwa, kama zile za DAAD ya Ujerumani au za ARES ya Ubelgiji, zinatafuta zaidi mtu aliyekwisha kumaliza chuo kikuu cha kwanza nyumbani kwao. Serikali ya China inapokea pia wanaotoka shule ya sekondari. Sisi wa miaka 18 tunalia kwamba mlango umefungwa, kumbe milango mingine inafunguka kwa mwenye miaka 23 na diplome ya hapa kwetu.

Na kuna Kampala. Wakubwa wetu wengi wako kule. Hawakuombwa kufunga euro 11.904 mahali. Kazi ni minervali na Kiingereza. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wa kwetu wanavuka Kasindi kila siku. Sijui kwa nini tunaita kusoma "ngambo" tu pale ambapo inaomba ndege.

Mimi mwenyewe? Mwezi wa tatu baba alitoa hati ya parsele ndani ya sanduku, ile ambayo nyumba yetu imesimama juu yake, akaiweka mezani mbele ya mama na mimi. Alisema: "Kama ni hii inaomba, niko tayari." Mama hakusema neno, alitazama tu mabati. Nilikuwa nimekwisha kusoma karatasi zote nilizowaeleza hapa. Nilimwambia: Baba, parsele hii ikiuzwa italipa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wanaomba tena feza ile ile kwa kurefusha karatasi ya kukaa, na hakutakuwa na parsele ya pili, na ninyi mtakuwa wapangaji. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba nilikuwa nasema kama mtu wa banki, na sijui kama alikuwa ananisifu.

Hati ilirudi ndani ya sanduku. Nitaanza chuo hapa Butembo mwaka ujao, Mungu akipenda, na konti ya baba ilifunguliwa mwezi wa nne. Kila mauzo ya kahawa anaenda mwenyewe na baiskeli na kuleta bordero; sasa tunazo saba. Ya kwanza nimeibandika ukutani katika chumba cha kapita, karibu na orodha ya kazi za usafi, kwa mwenye kutaka kuona namna inavyoandikwa. Apite wakati wa mapumziko. Mahali pa kiasi nimefunika kwa kikaratasi, na tafazali kikaratasi kile kisiguswe.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho